Sauti ya Pili Kabatini

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili mchana, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao, zile za kuvua viatu na kukaa chini, si zile za kupitia dirishani. U hali gani huko? Goti lako linasemaje na baridi hiyo? Mara ya mwisho uliandika kwamba unapanda ngazi ukiligombeza kama mtoto mkaidi, nikacheka peke yangu kazini mpaka msimamizi akageuka. Baba mdogo je, bado anakusomea gazeti kwa sauti ya juu wakati wewe unasikiliza taarifa ya habari? Na wale binamu zangu, wameacha kununiana? Nijibu yote moja moja. Usiniandikie "sote wazima" ukaishia hapo, maana nakujua.

Sisi tupo. Mimi ni mzima wa mwili, kaka yangu ni mzima na kelele zake zote, na baba anakula vizuri. Usiogope ukiona barua imekuwa nene. Hakuna mgonjwa, na hakuna msiba mpya. Ule uliopita ndio haukutaka kukaa mahali pake, na nimeona wewe, kama mdogo wake mama wa tumbo moja, haifai uyasikie haya kwa watu wa pembeni.

Nianze na kazi. Bado niko kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, zamu ya asubuhi. Mashuka yanatoka kwenye mashine ya pasi yakiwa ya moto, mnayashika watu wawili, mnakunja kona kwa kona huku mnatembea kukutana, mnaachana, mnakutana tena. Niliyepangwa naye ni mama mmoja mcheshi sana, kwa hiyo siku inakwenda. Ikifika adhuhuri nimeshatoka, na mchana wote ni wangu wa kuimba.

Najua hujawahi kuelewa sawasawa ninachofanya. Nilipojaribu kukueleza uliniuliza bendi yangu inaitwaje. Sina bendi, Mama Mdogo. Bendi ni mimi. Gitaa napiga mimi, kinanda napiga mimi, ngoma napiga kwa vidole juu ya boksi la viatu. Kisha naimba, kisha naimba tena juu ya ile niliyoimba mwanzo, mpaka nakuwa kundi zima la watu wenye pua moja. Yote narekodi kwenye kompyuta hapa hapa nyumbani, nayapanga, naweka mtandaoni. Ni nyimbo laini, za chumbani, za mtu anayejiimbia akidhani hasikiki. Wanaonisikiliza si wengi ila wamenishika kwelikweli, na wengine wako mbali kukuzidi wewe.

Sasa usishtuke nikikuambia ninakoimbia. Naimbia ndani ya kabati la mama. Lile kubwa la nguo, chumbani kwao, lenye mlango unaolalamika. Nguo zinameza mwangwi, sauti inatoka kavu na ya karibu, unadhani mtu anakunong'oneza. Wenye studio zao wanabandika sponji ukutani. Mimi nilikuwa na magauni. Wala haikuwa akili yangu, ilikuwa ya mama mwenyewe, siku alipochoka kunisikia nikilaani magari ya mikate yanayoingia kwenye kila wimbo. Alisukuma magauni yake pembeni, akasema ingia humo, acha matusi.

Basi mimi nikiwa kabatini, yeye alikuwa akiendelea na shughuli zake na kuniitikia kutoka huko huko alipo, jikoni au koridoni, sauti ya pili, chini kidogo ya yangu. Hakuna wimbo wangu ambao hakuuwekea sauti ya pili, na hakuna hata mmoja uliorekodiwa nayo. Alikataa katakata. Nikimsogezea maikrofoni alikuwa anafumba mdomo na kuondoka zake, akisema sauti yake ni ya kutumia, si ya kuweka. Ndiyo maana tuna picha zake tele na hatuna neno lake hata moja.

Ulipoondoka baada ya mazishi, baba alihamisha godoro. Alishindwa kulala chumbani kwao. Alijitandikia kwenye chumba chake cha kazi, katikati ya redio za watu zilizofunguliwa matumbo, na tangu hapo akaacha kusema. Hakuwa na hasira. Ukimuuliza kitu anajibu "eeh" au "baadaye," basi. Wateja waliendelea kuleta redio, anatengeneza vizuri kabisa, anakabidhi bila neno, mpaka wengine wakaanza kusema mzee siku hizi anaringa. Mchana alikuwa anarudisha mlango, nasi tukajua amelala, tunapita kwa vidole.

Kaka yangu anakuja kila Jumamosi, akitoka kwenye kazi zake za umeme. Kila akija alikuwa anamwangalia baba kwa jicho la fundi, kisha ananivuta pembeni. Alisema baba anamfuata mama kidogo kidogo, na nyumba hii ndiyo inayomvuta. Alitaka amchukue akakae naye mjini kwake, na sisi tumrudishie mwenye nyumba funguo zake. Nilimwomba asubiri. Nilisema mzee apewe muda, ingawa sikujua huo muda ungemfanya nini. Nilichojua ni kwamba baba akitolewa hapa kwa nguvu, akae kwenye chumba ambacho mama hakuwahi kukifagia, atakwisha upesi zaidi.

Haya, mambo yalianza na msikilizaji mmoja. Nilikuwa nimeweka wimbo mpya mtandaoni, wa kwanza tangu msiba. Akaandika chini yake: "Huyo mama anayekuitikia kwenye ubeti wa pili ni nani? Anavyokata pumzi katikati ya neno, nimelia." Nikamjibu hakuna mama yeyote, ni mimi tupu. Kisha nikavaa hedifoni ili nihakikishe.

Nilimsikia, Mama Mdogo. Unakumbuka kifua chake mwaka ule wa mwisho, alivyokuwa akiligawa neno vipande viwili ili apate pumzi. Ni hivyo hivyo. Sauti nyembamba, ya mbali, chini ya yangu, kama inapita kwenye nguo kwanza ndipo inifikie. Na maneno ilikuwa inayaimba yote, ya wimbo nilioutunga yeye akiwa tayari kaburini. Nilivua hedifoni nikaziweka kitandani, nikasimama mbali nazo.

Nikafungua vyote nilivyorekodi tangu mazishi, majaribio, vipande, hata nilivyotupa. Alikuwemo kila mahali.

Unatujua sisi. Hii ni nyumba ya mafundi redio, na kwenye nyumba ya mafundi redio hakuna shetani, kuna stesheni. Tangu utotoni friji ikinguruma vibaya baba anasema ni stesheni, na mimi mwenyewe mkaniita Redio kwa sababu sizimiki. Kwa hiyo nilipomwambia kaka, hata hakusita. Alisema waya wangu hauna ngao, umenasa kwaya ya stesheni fulani, atanimalizia siku hiyo hiyo. Akabadilisha waya zote. Akanunua karatasi za foili za jikoni, akalivika kabati ndani na nje, na maikrofoni akaivika, mpaka chumba kikang'aa. Jirani yetu fundi cherehani alikuja kuazima mkasi, akasimama mlangoni, akauliza kati yetu ni nani anayeingizwa kwenye oveni.

Nikaingia, nikaimba. Kisha kaka akavaa hedifoni asikilize matunda ya kazi yake. Alizivaa akiwa amesimama. Akakaa kitandani. Akaomba maji. Mama alikuwa amesikika vizuri kuliko mwanzo.

Kaka ni mtu asiyeamini kitu chochote kisicho na fyuzi, lakini siku ile alinong'ona. "Baba hakai tena humu ndani. Mwisho wa mwezi nakuja na gari, namchukua. Na wewe hicho kitu chako uache." Nikamwambia sawa.

Sikuacha. Niliimba kila siku ya Mungu. Fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa ameshajua, aliniambia nirekodi kimya tu, bila kuimba, nione. Nikarekodi kimya, sikupata kitu. Nikaimba, akaja. "Basi ni jini lenye adabu," jirani akasema, "linasubiri mwenye nyumba aanze." Alicheka, lakini chai yake hakuimaliza, na tangu siku ile alikuwa ananiita uani kwa kugonga dirisha.

Ndipo nikafanya hivi. Niliingia kabatini bila wimbo wowote, nikatunga papo hapo, maneno ambayo hata mimi sikujua yanayofuata. Sauti ilikuja. Lakini ilichelewa. Ilisubiri kila neno langu ndipo ikalifuata, na nilipopinda mahali pasipotarajiwa, ilijikwaa. Nilisikiliza mahali pale mara nyingi, nikajiambia marehemu hawezi kuchelewa. Anayechelewa ana masikio, na yuko karibu.

Kesho yake nilivua viatu. Nikaanza wimbo kabatini kama kawaida, nikaiacha maikrofoni imesimama peke yake, nikatoka huku naimba. Nikashika koridori. Mlango wa chumba cha kazi haukuwa umefungwa hadi mwisho, nikausukuma kwa kidole.

Baba hakuwa amelala. Alikuwa amesimama akiukabili ukuta, ule ambao upande wa pili ndipo kabati limeegemea. Kiganja ukutani, paji la uso ukutani, macho kafumba. Na kutoka kinywani mwa baba yangu ilikuwa inatoka sauti ya mama. Juu, nyembamba, na neno likifika pale ambapo mama angelikata, analikata, anavuta pumzi, anamalizia. Baba hana ugonjwa wa kifua. Hata ugonjwa alikuwa ameuazima. Jua lilikuwa limejaa mezani, juu ya nyaya na spika za watu, kila kitu kinaonekana waziwazi, na ndiyo maana niliogopa zaidi kuliko ningeogopa gizani.

Sikuweza kunyamaza. Ningenyamaza angefumbua macho, angenikuta namtazama. Kwa hiyo nikaendelea kuimba. Ubeti ukaisha, nikaurudia, ukaisha tena, nikaanza kuimba lolote lililonijia, mashuka, msimamizi, magari ya mikate, huku narudi kinyumenyume kwenye koridori. Naye akanifuata humo humo. Akaimba mashuka na magari ya mikate kwa sauti ya mama, kwa upendo ule ule. Nilipofika kabatini nikafunga mlango, nikamalizia wimbo, nikalia nimeuma mkono wa gauni.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia kaka, angesema mzee amerukwa na akili, angekuja na gari siku hiyo hiyo. Ningemwambia baba, angeona aibu, angenyamaza moja kwa moja, na mimi ningempoteza. Hapo sisemi baba, Mama Mdogo. Namsema mama.

Nikawa natoka kazini mbio. Msimamizi aliuliza kama nimeolewa kwa siri. Nikaacha kunywa chai kwa jirani. Nyimbo zangu zikaanza kurefuka bila sababu, na nikawa naacha nafasi ndani yake, naimba mstari, nakaa kimya urefu wa mstari, naimba. Nikaanza kusalimu nikiingia kabatini. Nilijua wazi ni baba, nilikuwa nimemwona kwa macho yangu haya mawili mchana kweupe, lakini nikishavaa hedifoni nikasikia pumzi ile inakatwa, nilikuwa najua kitu kingine kabisa.

Ikafika wiki ya kaka kuja na gari. Alhamisi nilimaliza wimbo, nikavua hedifoni, nikawa nazikunja waya. Sauti ikasema ukutani:

"Ubeti wa pili umeukimbiza, mwanangu. Rudia taratibu."

Nikajibu, "Sawa, mama."

Kisha nikasikia ndara zinaburuzwa koridoni. Mlango wa chumba ukafunguliwa, halafu mlango wa kabati, mwanga ukaingia ukapiga kwenye foili, nikashindwa kuona. Baba alikuwa amesimama mbele yangu, kwenye chumba ambacho hakuwa amekikanyaga tangu mazishi. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyojaa kutu:

"Mwanangu, mama yako amekufa."

Hakuna aliyewahi kulitumia neno hilo humu ndani. Tulikuwa tunasema ametutoka, amepumzika, hayupo. Nilihisi ndiyo kwanza naletewa habari.

"Najua, baba."

"Aliyekuwa anaitikia ni mimi. Nilidhani unajua."

"Nilijua."

"Basi hapo umemjibu nani?"

Magauni yalikuwa yananigusa mashavu huku na huku. Baba alinishika mkono, akanitoa mle kama anavyotoa kifaa kilichoungua kwenye redio, polepole, asikate waya mzima.

Tulikaa kitandani kwao, akasema mengi kuliko aliyoyasema miezi yote ile. Alisema alikuwa ananisikiliza kupitia ukuta tangu wimbo wa kwanza. Alisikia naacha nafasi, hata kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba naziacha, na mtu yeyote mwenye masikio angejua namsubiri nani. Akaogopa. Akajiambia huyu mtoto asipoitikiwa atamfuata mama yake. Akajaribu kuitikia kwa sauti yake, akaona haikai kwenye nafasi ile, basi akatafuta ya mama mpaka akaipata. Na huko kunyamaza kote? Akasema hakuwa na maneno, na sauti kidogo aliyokuwa nayo alikuwa anaiweka akiba ya mchana, ya kuniitikia.

Umeona tulivyo. Mimi nilikuwa namlinda yeye, yeye ananilinda mimi, kila mmoja akiamini mgonjwa ni mwenzake.

Jumamosi kaka akaja na gari la kukodi na maboksi matupu. Baba alimpokea getini, na kabla hata hajaamkiwa akasema, "Mimi siendi popote. Mtoe huyu akapate hewa." Kaka aliacha boksi lianguke. Hakuwa amesikia sentensi nzima ya baba tangu msiba. Nikamweleza yote, kuanzia ukuta hadi "sawa, mama." Kwanza alikasirika kwa ajili ya foili, foili yote ile, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, akakaa huko muda mzuri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi, nasi tukamwachia vumbi lake.

Kwa hiyo nyumba bado ni yetu, na baba yumo. Amerudi kulala chumbani kwao. Anaongea, wakati mwingine kupita kiasi, anabishana na watangazaji ambao hawamsikii. Magauni aliyatoa yeye mwenyewe kabatini, akayakunja moja moja, akampa fundi cherehani awapatie wale ambao yatawaenea. Moja amekuwekea wewe, lile la kola ya buluu, kaka atalituma. Kabati sasa ni tupu, na nikiimba mle nasikika kama niko ndani ya ndoo. Nimetundika mablanketi, lakini blanketi ni blanketi.

Na ile sauti imekwisha. Siku moja nilijitoa aibu, nikamwomba baba aiimbe tena, mbele yangu, mara moja tu. Hakunigombeza. Alifumba macho, akavuta pumzi, na kilichotoka kilikuwa kikohozi na sauti ya mzee. Akajaribu tena. Kisha akafumbua macho, akasema, "Haipo," akaenda kumalizia redio ya mtu. Zile nyimbo bado ziko mtandaoni, na watu bado wanauliza huyo mama ni nani. Nawajibu ni baba yangu, wanacheka.

Kila mtu anasema nyumba sasa imetulia, na ni kweli. Lakini mimi, kwa hesabu ya moyo wangu, mama amekufa mwezi huu. Nalia kazini, kwenye mvuke wa mashuka, ambako kila mtu uso wake umelowa. Yule mama ninayekunja naye anajua, na tukikutana kona kwa kona ananibana vidole kidogo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Wewe na mama mlikuwa na sauti moja. Baba mwenyewe bado anasimulia jinsi alivyokubembeleza wewe kwa simu enzi za uchumba, maneno matamu mwanzo hadi mwisho, ukamwacha amalize ndipo ukamwambia ngoja nikuitie dada. Miezi hii yote ulipokuwa unapiga, nasi tunakutumia ujumbe kwamba tulikuwa mbali na simu, hatukuwa mbali. Simu ilikuwa inalia mezani, sisi tumekaa tunaitazama. Hatukukususa, Mama Mdogo. Tuliogopa utasema "haloo."

Baba anasema sasa yuko tayari. Anaomba umpigie Jumapili ijayo mchana, na ameanza kujiandaa kama anayekwenda kwenye usaili. Amesema akipokea tu ataanza kwa kukuita shemeji, kwa nguvu, mara mbili, kabla hujafungua mdomo, ili asikosee. Mvumilie akipiga kelele.

Mimi bado. Siku hiyo nimeomba zamu ya mchana, kwa hiyo akikuambia niko kazini hakudanganyi. Nitakuzoea, nipe muda kidogo. Kwa sasa niandikie, uniandikie marefu, goti na ngazi na kila kitu.

Msalimie baba mdogo na gazeti lake, binamu zangu wote, walioelewana na wasioelewana, na yule mkwe mpya ambaye sijamwona. Kaka anakusalimu, fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjuani, na baba atajisalimia mwenyewe. Mungu akutunze huko uliko, akulegezee hilo goti, na akuhifadhie kifua chako kiwe kizima miaka mingi.

Na usinielewe vibaya kuhusu simu. Kukusikia nataka sana, na hicho ndicho ninachokiogopa. Naogopa nitakuamkia vizuri, nitakuita, halafu nitasahau kuongeza "mdogo."

Wako akupendaye, mwana wa dada yako,

Redio